Mwaka Niliokunyima Kanja

Mutwiri,

Nimekaa nyuma ya boma la ng'ombe, juu ya gunia la makapi, na kalamu ya mama yako. Wewe uko ndani unapanga sanduku kwa mara ya nne leo, na sitakuita. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, lakini mimi na wewe tunaujua mdomo wangu. Neno la kwanza linatoka vizuri, la pili ni kelele, la tatu umeshaziba masikio. Karatasi haina sauti. Utaisoma mara kumi na mara zote kumi itasema maneno yale yale, na hilo ndilo unapenda. Basi nimeandika. Mimi, M'Ikunyua, mtu wa darasa la tatu. Utaona makosa. Yasahihishe kwa kalamu nyekundu, sijali, kusoma ulinishinda ukiwa na miaka tisa. Mambo mengine bado hujanishinda.

Habari ya sweta na sabuni na namba za simu, mama yako ameandika yake na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja ambalo hulijui, nililokufanyia juu ya hii safari ya Kanja, kule Embu. Nitalisema. Lakini nikilisema peke yake utaniona mtu mbaya tu, na mimi nataka unione mtu mbaya pamoja na sababu zake. Nivumilie nianzie mbali. Nimechoka, na mtu aliyechoka hapandi kilima moja kwa moja, anazunguka.

Nikiwa kijana hakuna mtu katika ukingo huu wote wa kilima aliyenishinda. Uliza yeyote. Ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, wa kwanza kupanda hiki kilima alikuja nyuma yangu mimi, nikimvuta kutoka Meru mjini kwa miguu, na watu wakatoka kanisani kumwangalia kabla ibada haijaisha. Nyumba ya kwanza ya mawe ni hii unayolala. Sasa, mbao za paa la hii nyumba zilitoka wapi? Hapo ndipo penye mambo.

Babu yako, baba yangu, alikuwa na mti mkubwa mpakani. Alinikataza kuugusa. Siku moja akaenda mazishini, siku mbili, na mimi nikauangusha. Aliporudi akakuta kisiki. Hakunipiga. Aliangalia kisiki, akaniangalia mimi, akasema maneno machache kwa Kimeru ambayo sitayaandika hapa. Maneno ya namna ile ya mzazi huku kwetu yana jina: kirumi. Ni laana, na haiondoki mpaka mwenyewe aliyeitoa aiondoe, akutemee asali kifuani na kukubariki. Ningeenda kuomba ningebarikiwa siku hiyo hiyo, mzee hakuwa na roho ngumu. Lakini nilikuwa nangoja yeye aniite. Naye nadhani alikuwa anangoja mimi nije. Miezi minne tukaishi hivyo, boma moja, kisha akafa.

Wewe ukazaliwa baadaye, wa mwisho, baada ya dada zako. Ulitembea mapema, ukitembelea vidole. Ulikuwa unachukua buni nyekundu za kahawa na kuzipanga mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka jikoni, kubwa kwa ndogo, na mtu akisogeza moja unalia mpaka jioni. Jina lako ukiitwa hugeuki. Lakini kifuniko cha sufuria kikianguka unajipiga kichwa ukutani. Miaka mitano ikapita bila neno. Mama yako akasema twende hospitali. Mimi nikasema mtoto ni mkaidi, atanyooka.

Sikuamini hata mimi. Nilijua ni kirumi. Nilichinja kondoo dume kwa siri na wazee wawili, tukasema maneno juu ya kile kisiki, na wewe hukubadilika hata kidogo. Basi kila nilipokuangalia sikukuona wewe. Nilimwona babu yako, amekaa ndani yako kimya, ananingoja nije niombe. Nilikuwa napigana na marehemu, na fimbo inakuangukia wewe.

Na hapo kanisani wanawake walipoanza kuuliza kama kwa kina mama yako kuna mwingine wa namna hii, nilisikia. Neno moja tu kutoka kwangu lingewanyamazisha. Sikulisema. Niliacha ukoo wa watu ubebe kisiki changu.

Jumapili nilikufunga na kamba ya ndama kwenye nguzo ya ghala mpaka turudi ibadani. Nilimwambia mama yako ni kwa ajili ya mto, usije ukakimbilia majini. Mto uko mbali, Mutwiri. Ni watu nilikuwa nakuficha. Alama iko kwenye mguu wako wa kushoto, na hujawahi kuniuliza. Nilijidanganya kwamba umesahau. Wewe, ambaye unakumbuka namba ya gari lililoleta simenti!

Ukiwa na miaka minane nilikupeleka Kinoru. Kulikuwa na sherehe uwanjani na mimi niliitwa kukaa hemani pamoja na wakulima bora. Nilivaa koti. Mama yako alikuwa ameenda kumuuguza dada yako, hakukuwa na wa kukuacha naye, na nilijiambia kijana wa mkulima bora atakaa kama mkulima bora. Bendi ikaanza. Kipaza sauti kikapiga mluzi ule wa kukata. Ukaanguka chini mbele ya wakubwa, ukauma mkono wako mpaka damu, ukapiga yowe lililozidi bendi. Nikakuvuta kwa mkono mpaka nje ya geti, na pale nje, mbele ya watu, nikainua fimbo yangu ya kutembelea.

Nilikupiga mara ngapi sijui. Nilisimamishwa na sauti.

"Wewe mzee! Wee wa koti! Unapiga mtoto ama unapiga aibu yako?"

Alikuwa mama mnene, anauza ndengu na maharagwe kando ya barabara. Nikamwambia, "Mama, uza ndengu zako. Huyu ni mtoto wangu."

"Kama ni wako, mbona humjui?"

Watu wakacheka. Dereva wa teksi akasema, "Leo mzee amepatikana." Mimi, mtu wa hemani! Huyo mama hakucheka. Alikuja akakunyanyua bila kukuuliza, akakuingiza chini ya meza yake na kukufunika magunia, moja, mawili, matatu, yale mazito ya katani. Nikadhani anakuziba pumzi. Ukanyamaza. Nilizoea kukuona ukinyamaza nguvu zikikuishia. Siku hiyo ulinyamaza nguvu zikiwa bado zipo. Nikasimama pale na fimbo yangu kama mtu aliyebeba mwiko kwenye matanga ya wengine.

"Nina mjukuu kama huyu," akasema, anapimia mteja ndengu. "Kelele inamkata kama wembe. Uzito unamtuliza. Jumamosi wazazi tunakutana ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Mlete. Hiyo fimbo iache nyumbani."

Ndivyo tulivyomjua Mama Karimi.

Usifikiri nilibadilika hapo. Mimi si mtu wa kubadilika kwa kuitwa wee wa koti. Nilienda Jumamosi ya tatu, na nilienda kuwaonyesha kwamba sihitaji kufundishwa. Mwalimu mmoja akaeleza usonji. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia neno hilo. Akasema si ugonjwa wa kufukuza kwa kiboko na si ukaidi. Ni mtoto ameumbwa na akili inayosikia kila kitu kwa pamoja, injini na nzi na mama yake, vyote kwa sauti moja, naye hana mlango wa kufunga. Nikanyamaza. Jumamosi ya nne pia. Ya tano nikashindwa, nikasimama. Nikawaambia hayo ya watoto wenu ni sawa, yangu ni tofauti, yangu ni laana. Nikasema habari ya mti, na babu yako, na kondoo. Yote, mbele ya mama yako, ambaye hakuwa anajua hata nusu.

Halafu Mama Karimi akasema, "Mzee M'Ikunyua, umekuja Jumamosi tatu. Umekaa kiti gani?"

"Hicho cha dirishani."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile ya pili ulipokuta baba wa Kendi amekikalia, ulikaa wapi?"

"Nilisimama."

"Saa mbili nzima! Na viti tupu vilijaa hapa. Na nimeambiwa chai ikimiminwa kwa kikombe kisicho chako hunywi."

"Hiyo ni tabia tu ya mtu."

"Na kamba zako za ng'ombe umezitundika ukutani vipi?"

"Kwa urefu. Kamba lazima zipangwe."

Wakaanza kuangua kicheko mmoja mmoja. Mama Karimi akapiga makofi mara moja. "Basi keti, mzee. Huyu mtoto hakutoka kwa laana. Ametoka kwako!"

Mama yako alicheka mpaka akajifuta macho na kitambaa cha kichwani. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ulipozaliwa, na nikakasirika, kisha hasira ikakosa mahali pa kukaa. Lakini tulipokuwa tunapanda kilima kurudi hakucheka. Alisema, "Miaka minane umewaacha waseme ni damu ya kwetu." Hakuniongelesha mpaka kahawa ya msimu huo ikaiva, ikachumwa, ikaisha. Alinipakulia, akaniwekea maji ya kuoga, bila neno. Ndipo nikajua kidogo nyumba yako ya ndani ilivyo, ukitaka kusema na huna pa kupitia.

Nilijifunza kitu hapo, na nakuachia kama kilivyo. Nilificha mtoto miaka minane nikidhani watu wakijua watanicheka. Walipojua walicheka kweli, na sikufa. Waliomaliza kucheka ndio waliouliza, "Sasa tufanye nini?"

Mama Karimi alinituma nizunguke ukingo nyumba kwa nyumba nikawaeleze watu wewe ni nani. Mimi, niliyezoea kuzunguka nikijieleza mwenyewe. Nilianza kwa Kobia wa kinu cha unga, kwa sababu injini yake ilikuwa ikishika tu unakimbilia kwenye migomba.

"Mzee, unataka nizime injini kwa sababu ya mtoto?"

"Usizime. Inua mkono kabla ya kuwasha, aone."

"Mkono tu?"

"Mkono tu, Kobia."

Alinitazama kama nimelewa. Lakini aliinua. Siku ya kwanza ulikimbia hata hivyo. Wiki ya pili ukaziba masikio na kubaki. Hata leo Kobia huinua mkono kabla ya kuwasha, hata kama wewe haupo, na wageni wanafikiri anawasalimia, wanamjibu. Katekista naye akakuwekea benchi ya mlangoni, mbali na ngoma, utoke ukitaka na uingie ukitaka. Mama wa duka akakubali upange mikebe yake kwa ukubwa kila Ijumaa, na sasa ukikosa Ijumaa moja analalamika duka limevurugika. Watoto waliokuita majina, hao nilikuwa nataka kuwachapa. Mwalimu wao wa shule akanikataza. Aliwaletea gunia langu tupu la mbolea, akakupa usome mbele yao, ukalisoma lote, mpaka maandishi madogo ya chini ambayo mimi mwenye mbolea sijawahi kuyasoma. Kumbe ulijifundisha kusoma kwenye magunia yangu na sikujua. Nilisimama nje ya dirisha la darasa. Nilijivuna mwezi mzima, kama mimi ndiye niliyekufundisha.

Baba wa Kendi ndiye alikufundisha kupandikiza makadamia, kuchana mche, kuingiza kijiti, kufunga nailoni. Mikono yako haitetemeki. Miche yako inashika hata mwaka wa ukame. Hilo nakubali umenishinda, andika pembeni.

Sasa nimefika. Nimepumzika kidogo nikaenda kumwangalia ng'ombe, na hana shida yoyote. Ni mimi sitaki kuandika hii sehemu.

Unakumbuka siku ile steji ya magari Meru, mwaka jana. Ulikuwa unasoma namba za magari kwa kidole, kama unavyofanya. Mtu akapiga kelele, "Mwizi wa vioo!" Vijana wakaja mbio. Ulishikwa shati, ukashindwa kujibu, na ukishindwa kujibu watu wanaona ni hatia. Murithi wa bodaboda, huyu jirani yetu, akatupa pikipiki chini, akaingia katikati. "Huyo ni wetu! Huyo ni wetu, mkimgusa mmenigusa! Anasoma namba, haibi!" Madereva wa tuktuk wawili waliokujua wakaja pia. Ukarudi nyumbani na shati limechanika, ukala, ukalala. Mimi sikulala. Si usiku huo tu.

Wiki tatu baada ya hapo ikaja barua kutoka Kanja. Aliyeandika ni mama mmoja mwenye kitalu cha miche ya makadamia na parachichi, Mama Karimi alikuwa amemwelezea mikono yako. Bahasha ilikuwa na jina lako. Niliichukua dukani, nikaifungua, nikasoma polepole mchana kutwa. Alisema uje, una kazi, una chumba, kuna kijana mwingine hapo asiyesikia na wameshajifunza kusema naye.

Nikampigia simu. Nikasema, "Mutwiri hataki."

Hivyo tu. Nikaahidi kumwambia Mama Karimi mwenyewe, na sikumwambia. Barua nikaiweka kwenye debe la dawa za ng'ombe.

Na mwaka mzima, kila Jumamosi, ulimuuliza Mama Karimi kwa maneno yale yale, "Kanja wamejibu?" Naye anasema bado, mwanangu, watu wa Embu nao ni wa polepole. Na mimi niko hapo, kiti cha dirishani, nasikia. Mwaka mzima, Mutwiri. Nilikuwa najiambia nakulinda. Huku nani hakujui? Huku kuna mkono wa Kobia na benchi na duka. Huko ukishikwa shati nani atasema huyo ni wetu? Hiyo hofu ni ya kweli, bado ninayo hata sasa, siisemi ili unisamehe. Lakini nilikuwa pia naogopa nyumba bila wewe. Na tena nilikuwa natumia mdomo wako kusema neno langu. Hilo ndilo baya zaidi. Kamba ya ndama angalau uliiona.

Mwezi uliopita huyo mama akapiga tena. Aliuliza kama umebadilisha nia. Nikamjibu kwa ukali, nikamwambia, "Mama, huko kwenu nani atamsemea? Huku kwetu wanamjua."

Akasema, "Kumjua kuliwachukua muda gani, mzee?"

"Miaka."

"Sasa sisi tutaanza lini, ukimkalia?"

Mimi sijawahi kukosa jibu, hata kwa chifu, hata kwa padre. Nikamwambia, "Atakuja." Jioni nikakupa habari kana kwamba imefika siku hiyo. Ulisimama, ukazunguka boma mara saba ukipiga mikono, na mimi nikala furaha yako kama mwizi.

Barua yenyewe ya kwanza nimeiweka chini ya hii. Inanuka dawa. Ni yako, ilikuwa yako tangu siku ile.

Sasa unajua. Mama yako bado hajui, nitamwambia akirudi kutoka kukupeleka, najua atanyamaza msimu mwingine. Wewe ukikasirika, kasirika. Usipotaka kunipigia simu, usipige. Usije ukajilazimisha kwa sababu mtu amekuambia mzazi ni mzazi. Mimi nilingoja babu yako aniite mpaka akafa, na leo sitangoja. Naomba msamaha kwa mwaka huo, Mutwiri. Na kwa kamba. Na kwa Kinoru. Sijui hayo matatu yanaandikwaje kwa pamoja kwa neno moja, kwa hiyo nimeyaandika moja moja. Sikudai jibu.

Huko Kanja utapata siku mbaya. Kutakuwa na mtu wa kukucheka na mtu wa kukushika shati. Mkishindwana siku hiyo haimaanishi wewe ni wa kurudishwa. Wape muda, nawe jipe. Ukichoka kabisa, kurudi pia si aibu, chumba chako hakuna atakayekigusa, mimi nimekataza. Lakini usirudi kwa sababu yangu. Nikikupigia simu nikasema naumwa mgongo, muulize mama yako kwanza.

Nilikuwa nimesema nitakusindikiza mpaka Embu, mpaka mlangoni, nikae wiki nikiwaeleza wewe ni nani. Nimeshazikunja nguo. Nimezikunjua. Mama yako atakupeleka. Nikifika huko nitaanza kukusemea, nitasema Mutwiri anapenda hiki, Mutwiri hataki kile, na hao watu watanisikiliza mimi kwa sababu nina sauti, na wewe watakukosa. Waambie mwenyewe. Kwa mdomo, kwa karatasi, kwa kunyamaza, watajifunza kama tulivyojifunza sisi.

Kesho asubuhi nitakuwa juu kwenye kahawa, nakata matawi. Kuagana kunakusumbua, usipande kunitafuta. Wewe tembea na mama yako, na sanduku. Kutoka juu pale naona barabara yote mpaka kona ya shule.

Baba yako,
M'Ikunyua